Jiwe la Mwana Zuhura na Uzi wa Mwanga

Mboni alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kusugua. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alibeba vyombo vya bibi yake hadi ufukweni, akachuchumaa mchangani na kuvisugua kwa makumbi ya nazi. Watoto wengine wa Kilwa Kisiwani walisugua sufuria kwa ndani wakaridhika. Mboni alisugua ndani, nje na ukingoni, kisha akaiinua sufuria juani aone kama kuna doa lililojificha. Sinia la shaba ndilo lililopata heshima kubwa zaidi. Hilo alilikamulia ndimu kwanza, akalisugua kwa mchanga laini, na liliporudi nyumbani mtu aliweza kujitazama meno yake humo.

"Mboni," Yahya alimwambia asubuhi moja, "siku ukiolewa, mumeo atakwisha kama sabuni."

Yahya alikuwa mtoto wa Mjomba Fakihi, kaka wa mama yake Mboni, na alisoma darasa moja na Mboni. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko kazi zake. Mboni alimrushia makumbi yakampata kisogoni, na wote wawili wakacheka.

Mboni aliishi na Bibi Moza, bibi yake mzaa mama. Baba yake alifanya kazi bandarini Lindi, na mama yake alikuwa huko pamoja na wadogo zake. Mboni alibakishwa Kisiwani kwa sababu Bibi Moza alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Mboni ndiye aliyemchambulia mchele, aliyemtungia uzi kwenye sindano, na aliyemshika mkono njiani.

"Jina lako ulipewa na Mungu mwenyewe," Bibi alizoea kusema. "Alijua nitahitaji mboni nyingine."

Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, wawili hao walikwenda maziarani. Huko nyuma ya kijiji, karibu na ukuta wa kale ulioinama, lilikuwapo kaburi la Mwana Zuhura, bibi wa mabibi zake Bibi Moza. Kichwani mwa kaburi lilisimama jiwe la matumbawe, refu kupita mtu mzima, lililochongwa mistari minne ya maandishi ya Kiarabu. Bibi Moza alisoma Fatiha, kisha alipitisha vidole vyake juu ya herufi, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole. Hivyo ndivyo alivyosoma tangu macho yalipomwacha.

"Assalamu alaikum, bibi," aliliambia jiwe. Halafu alilipa habari zote za wiki: nani kaposwa, nani kajifungua, mbuzi wa nani kala miche ya nani. Mboni alipokuwa mdogo alidhani kwamba jiwe lile nalo ni mtu wa ukoo, ila halipendi kutembea. Hata sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, hakuwa ameacha kabisa kudhani hivyo.

Zilikuwa zama za Waingereza. Serikali ilikuwa imemwajiri Mjomba Fakihi awe mlinzi wa magofu ya kisiwa, na kaburi hilo pia lilikuwa chini ya ulinzi wake. Alipewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Nani alivisugua vifungo hivyo, huna haja ya kuuliza.

Ulipoingia mwezi wa Shaabani, watu walitoka kusafisha maziara kabla ya Ramadhani, kama ilivyo desturi. Wanaume walifyeka majani, wanawake walifagia kwa fagio za chelewa, na watoto waliteka maji wakayamwagia mawe ya makaburi. Lakini mwaka huo Mboni alikuwa na jambo lake moyoni. Alikuwa amesikia kwamba Bwana Klementi, mpimaji wa mawe ya kale aliyekuja mwaka uliopita, angerudi baada ya siku chache. Mboni aliona aibu mgeni alikute jiwe la bibi yake lina madoa ya kijivu. Mgeni ataketi kwenye mkeka uliofagiwa, atakula kwenye sinia linalong'aa, kisha aende akalikute jiwe limechakaa kama sufuria ya mvivu? Haikuwezekana.

Watu walipokwenda kupumzika kivulini, Mboni alifungua pindo la kanga yake akatoa ndimu. Alizikata, akalikamulia jiwe. Jiwe likatoa povu jembamba jeupe.

"Yahya, tazama! Uchafu huo unatoka!"

Yahya, aliyekuwa amebeba ndoo ya maji, alitazama akakubali kwamba kweli unatoka. Mboni alichukua makumbi na mchanga, akalisugua jiwe kwa mizunguko, kama asuguavyo sinia, mpaka mahali mkono wake ulipoishia. Kisha Yahya alilimwagia maji. Jiwe lilibaki jeupe kama jino la mtoto.

Mjomba Fakihi alipopita jioni alisimama akalitazama. "Mashallah," alisema. "Mwaka huu maji yamelitakasa kwelikweli." Mboni aliinamisha kichwa akatabasamu bila kusema neno, maana mtu mwema hajisifu.

Alhamisi iliyofuata Bibi Moza alipitisha vidole juu ya herufi kama kawaida. Katikati ya mstari vidole vilisimama. Vikarudi nyuma, vikatafuta tena.

"Herufi zimekonda," alisema. "Au ni vidole vyangu navyo vimeanza upofu?"

Mboni aliona ni mambo ya uzee. Alimshika mkono wakarudi nyumbani, lakini siku hiyo Bibi hakulipa jiwe habari zozote.

Bwana Klementi alifika kwa mtumbwi kutoka Masoko, amefumba macho, amelikumbatia sanduku la mbao kama mtoto mchanga. Alikuwa Mkatoliki wa milimani, kutoka vilima vilivyo nyuma ya Kiranjeranje, na kwao maji mengi zaidi aliyopata kuyaona utotoni yalikuwa ya mtungi. Mjomba Fakihi alimshika bega akamshusha ufukweni, kisha wakaongozana hadi nyumbani kwa Bibi Moza.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu wa milimani. Bahari imekuachia?"

"Imeniachia, Bibi, lakini tumbo langu bado liko kule katikati."

Bibi Moza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwaka jana ulikula kuku wangu mmoja peke yako. Mwaka huu nichinje wangapi?"

"Mwaka huu hapana, Bibi. Tuko katika Kwaresima, nyama sili."

"Kumbe mmetutangulia kufunga! Na samaki je?"

"Samaki ruhusa."

"Basi Kwaresima yenu ina adabu," alisema Bibi, akamwagiza Mboni akakaange changu.

Kesho yake asubuhi walikwenda wote maziarani. Bwana Klementi alifungua sanduku, akaondoa sufi iliyojazwa humo, akatoa hadubini. Haikuwa kama darubini ya nahodha inayotazama mbali. Hii ilitazama karibu, tena karibu sana. Ilikuwa na midomo miwili ya shaba iliyoinamiana, kama watu wawili wanaomteta wa tatu. Mdomo mmoja ulitoa mwanga kutoka kwenye taa ndogo ya betri, na mwingine ulikuwa wa jicho la mtazamaji. Aliifunga kwenye miguu mitatu mbele ya jiwe, akajifunika kitambaa cheusi yeye na chombo chake.

Yahya alimnong'oneza Mboni, "Anapiga picha au anajificha kwa deni?"

"Ninawasikia," sauti ilitoka ndani ya kitambaa. "Njooni mmoja mmoja mtazame."

Mboni alitangulia. Ndani ya giza la kitambaa aliweka jicho pale alipoonyeshwa. Aliona uzi wa mwanga wa kijani, mwembamba, umekatiza gizani. Haukunyooka. Ulipanda, ukazama, ukapanda tena.

"Uzi umepinda, Bwana Klementi."

"Uzi haujapinda. Jiwe ndilo lenye mabonde. Taa inaulaza uzi juu ya jiwe kwa mshazari. Jiwe likiwa laini, uzi hunyooka. Penye shimo huzama, penye kinundu hupanda. Mimi napima umezama kiasi gani. Naweza kupima kitu chembamba kuliko unywele wako."

"Ili iweje?"

"Ili nijue jiwe linaliwa na chumvi ya bahari kwa kasi gani. Mganga humpima mgonjwa homa kabla ya kumpa dawa. Nami mwaka jana nililipima jiwe hili, leo nalipima tena, halafu nalinganisha."

Mboni alilipenda jambo hilo tangu hapo. Kwamba mtu aweza kusafiri kutoka Dar es Salaam, akatapika njia nzima, ili tu ajue hali ya jiwe la bibi yake, ilimpendeza mno. Aliketi karibu akaangalia kila alichofanya Bwana Klementi. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuuona uso wake ukibadilika.

Bwana Klementi alipima mahali pamoja, akapima tena. Akahama mahali pengine, akarudi palepale. Mwishowe alitoka ndani ya kitambaa, jasho likimtiririka.

"Mzee Fakihi," aliuliza, "jiwe hili mmelisafisha kwa kitu gani?"

"Maji tu," alijibu Mjomba Fakihi. "Maji na ufagio wa chelewa, kama kila mwaka." Kisha akawageukia watoto waliokuwa wakiteka maji siku ile. "Sivyo?"

Mboni alifungua mdomo. Mara akaliona tena akilini lile povu jeupe, akavikumbuka vidole vya Bibi vilivyosimama katikati ya mstari, akaufunga tena.

"Maji tu," Yahya alijibu, akitazama vidole vyake vya miguu.

Mchana, baada ya chakula, Bwana Klementi aliwaeleza alichokiona. Hakupenda kueleza, ilionekana wazi. Ngozi ya jiwe, alisema, ilikuwa imeondoka. Yale ambayo bahari ingeyala kwa miaka na miaka yalikuwa yameliwa kwa mwaka mmoja tu. Kwa kasi hiyo, watoto wa Mboni wasingeikuta herufi hata moja.

"Upepo wa bahari hauna dawa, Bibi," alisema. "Sina budi kuvuka kesho kwenda Masoko, nipeleke habari Dar es Salaam kwa simu. Watakuja mafundi walikate jiwe walipeleke kwenye jumba la makumbusho. Huko litakaa ndani, halitapigwa na chumvi."

Kahawa ya Bibi Moza ilipoa mkononi.

"Wataliweka pazuri?"

"Pazuri sana, Bibi. Nyuma ya kioo."

"Nyuma ya kioo," Bibi alirudia. "Na huko Dar es Salaam, nani atalisalimia?"

Mboni alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya jiko, akalia huku ameuma pindo la kanga ili asisikike.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ufukweni na vyombo, lakini aliviweka mchangani akakaa tu. Yahya alimkuta hapo.

"Nitasema," Mboni alimwambia.

"Una wazimu! Ukisema, baba atavuliwa lile koti. Alimwambia Bwana Klementi maji tu. Wewe utachapwa, nami nitachapwa mara mbili, maana na mimi nilisema maji tu. Nyamaza. Jiwe halina mdomo."

"Na Bibi?"

Yahya alipiga teke ganda la kome. Bibi Moza alikuwa bibi yake pia, na Yahya, pamoja na maneno yake yote, alimpenda. "Ataizoea hali," alisema mwishowe, lakini hata yeye hakuiamini sauti yake.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, sufuria za Bibi Moza zilirudi nyumbani na masizi.

Kabla Bwana Klementi hajavuka, Bibi Moza aliomba apelekwe maziarani akaage. Mboni alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi na mkavu, na njia nzima Mboni aliona kama unamlemea kuliko mzigo wa kuni. Walimkuta Bwana Klementi akiifungasha hadubini katika sufi, na Mjomba Fakihi amesimama kando na koti lake la vifungo. Yahya alikuwa amekaa juu ya ukuta.

Bibi alisogea, akaweka vidole juu ya herufi. Alivipitisha mara moja, kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha akavikunja, akavificha ndani ya kanga.

"Mwanangu Klementi," alisema, "niambie ukweli, wala usinionee haya. Ni vidole vyangu?"

"Vidole vyako vimefanya nini, Bibi?"

"Kila Alhamisi nimelipapasa jiwe hili. Miaka yote hii. Jana sikupata usingizi, nikawaza, huenda si bahari. Huenda ni mimi niliyezila hizi herufi, kidogo kidogo, kwa mikono yangu mwenyewe." Akaikaza kanga juu ya vidole. "Kama ni mimi, sitaligusa tena. Nitakaa kule mbali nilisomee kwa moyo. Ila msiliondoe."

Mboni hakuweza kustahimili tena. Fimbo, koti la mjomba, maneno ya Yahya, vyote vilikuwa vidogo mbele ya vidole vile vilivyojificha ndani ya kanga kama vyenye hatia.

"Si wewe, Bibi!" alipaza sauti. "Si wewe wala si bahari! Ni mimi! Nililikamulia ndimu!"

Kisha akalia, na katikati ya kilio akasema yote: ndimu, povu, makumbi, mchanga, na jinsi alivyotaka mgeni alikute jiwe linang'aa.

"Ndimu?" Mjomba Fakihi alishika kichwa. "Ndimu na mchanga? Juu ya maandishi? Mboni, mimi nimesema mbele ya mtu wa serikali kwamba ni maji tu! Umenifanya mwongo!"

"Na mimi, baba," sauti ilitoka juu ya ukuta. Yahya aliteremka, uso umemsinyaa. "Mboni alinyamaza. Aliyesema uongo ni mimi."

Mjomba Fakihi aliwatazama wote wawili, hajui aanze na nani. Bwana Klementi aliinua mkono.

"Subiri kidogo, Mzee Fakihi. Mboni, futa machozi. Mkono wako uliishia wapi?"

Mboni alijinyoosha kwa vidole vya miguu, akagusa juu kidogo ya mstari wa pili. "Hapa. Mstari wa juu sikuufikia."

Bwana Klementi aliutazama mstari wa juu, halafu akalipiga paji lake la uso kofi. "Mstari wa juu sikuupima mwaka huu! Nilisema nitautafutia kitu cha kupandia, halafu nikaona hiyo mistari ya chini imeharibika, nikaharakisha kuhukumu. Naomba meza."

Kabla hajamaliza kusema, Yahya alikuwa ameshatimua mbio kwenda shuleni. Alirudi na meza ya mwalimu kichwani. Hadubini ikatolewa tena, ikapandishwa, kitambaa cheusi kikaifunika. Wote walingoja. Bibi Moza alinong'ona dua, na hata Mjomba Fakihi alisahau kukasirika.

"Bwana Klementi," Mboni aliuliza mwishowe, "uzi ukoje?"

"Uzi uko kama nilivyouacha mwaka jana," alijibu kutoka ndani. "Karibu sawasawa kabisa. Bahari haikuligusa jiwe hili hata kwa unene wa unywele."

Alipotoka alikuwa akicheka, lakini hakutosheka. Alimtuma Yahya aokote kipande cha tumbawe ufukweni, na Mboni alete ndimu. Alipolikamulia tumbawe, likatoa lile povu jeupe.

"Hili si uchafu, Mboni. Ni jiwe lenyewe linayeyuka. Shaba hupenda ndimu, lakini tumbawe ni chokaa, na ndimu ni adui wa chokaa. Sasa sugua kama ulivyosugua siku ile."

Mboni alisugua kwa mizunguko ileile. Bwana Klementi aliweka tumbawe chini ya hadubini, akamwita atazame. Uzi wa kijani ulikuwa umekatwakatwa na mikwaruzo iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, yote kwa mzunguko.

"Mikwaruzo kama hii niliiona jana juu ya jiwe," alisema, "nikaiita mchanga wa upepo. Lakini upepo gani unaozunguka kama mtu asuguaye sinia?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mjomba Fakihi aliguna. "Sisi tunaishtaki bahari, kumbe tunakula naye chungu kimoja." Hata hivyo hasira ilikuwa imekwisha mtoka, na mkono wake ulimgusa Mboni kichwani.

"Na vidole vyangu?" Bibi Moza aliuliza polepole. Hilo ndilo lililokuwa limebaki moyoni mwake.

Bwana Klementi alimsogelea akaushika mkono wake. "Bibi, mwaka jana niliona katikati ya herufi njia laini, laini mno, uzi umelala juu yake bila kutikisika. Nilishangaa imetokea wapi. Sasa najua. Ni njia ya vidole vyako. Alhamisi zako zote hizo hazikulichukua jiwe kiasi kile ambacho ndimu ililichukua kwa adhuhuri moja. Liguse kwa wepesi, kama ulivyokuwa ukiligusa."

"Halitaondoka?"

"Haliondoki. Nitaandika kwamba mistari ya chini ilisuguliwa, mstari wa juu ni mzima, na kwamba mimi nilitaka kukata shauri kabla ya kumaliza kupima. Nitaandika pia kwamba mlinzi hakujua, na waliojua wamesema wenyewe."

Mjomba Fakihi aliamua adhabu papo hapo. Mboni na Yahya wangebeba makuti ya kuezekea kibanda juu ya jiwe, lisipigwe na mvua, na siku ya kufungua shule baada ya Idi wangesimama mbele ya darasa lao waeleze kwa nini jiwe la kale halisuguliwi. Yahya alikubali haraka sana, kwa kuwa alikuwa amengoja fimbo.

Mboni alibaki amesimama, macho chini. Bwana Klementi aliinama mpaka nyuso zao zikalingana.

"Unaiona hadubini hii? Inaona kitu chembamba kuliko unywele, lakini haikuona nani alilishika jiwe. Usingesema, leo ningepeleka uongo Dar es Salaam, tena uongo uliopimwa vizuri sana. Chombo hupima, Mboni, lakini mtu ndiye husema kweli."

Bibi Moza alinyoosha mkono hewani, ukatafuta, ukampata mjukuu wake begani.

"Njoo hapa. Kosa la mkono ulilifanya kwa mapenzi, na hilo nilikusamehe hata kabla hujamaliza kulia. Ni kule kunyamaza ndiko kulikotaka kuninyang'anya bibi yangu. Ukikosea, mwanangu, sema siku ileile, kosa lingali dogo. Kosa likifichwa hukua, na siku likitoka humwangukia asiye na hatia." Akamwita Yahya naye. "Wewe pia sikia, mtaalamu wa maneno."

"Nimesikia, Bibi," Yahya alisema. Hakuongeza neno, na kwa Yahya hiyo ilikuwa ajabu.

Bwana Klementi, kabla ya kufungasha, aliomba kidole cha Bibi Moza. Alikiweka taratibu chini ya hadubini, akamwita Mboni. Mboni alitazama kwa muda mrefu. Uzi wa mwanga ulipanda na kushuka juu ya ngozi ya kale, bila kukatika.

"Unaona nini?" Bibi aliuliza.

"Naona vilima, Bibi. Vilima na mabonde, vingi kuliko vya kwao Bwana Klementi."

Bibi Moza aliuvuta mkono wake upesi. "Basi nakuonya mapema, usije ukanikamulia ndimu!"

Walicheka wote, na Mboni alicheka huku machozi mengine yakimtoka, yale ya kupona. Kisha alimshika Bibi mkono, akamsogeza mbele ya jiwe. Vidole vikatoka ndani ya kanga, vikatafuta, vikazipata herufi. Zilikuwa zimekonda, lakini zilikuwapo.

"Assalamu alaikum, bibi," Bibi Moza alisema. "Najua leo si Alhamisi. Lakini nina habari ndefu."